Fundi na Mashine ya Theluji

Fundi hakuwa na gari, na kwa miaka yote tisa niliyofanya naye ujirani nilimwona akiendesha chombo mara moja tu, kwa umbali wa hatua thelathini hivi. Asubuhi alikuja kwa miguu kutoka Rosettenville, mfuko wa mkate na dagaa mkononi, na jioni alirudi hivyo hivyo. Wateja walidhani ni ubahili. Mmoja alimwambia wazi kwamba kinyozi mwenye upara haaminiki. Fundi akamjibu kwamba kinyozi wa namna hiyo ana muda mwingi wa kuangalia kichwa chako, kisha akarudi chini ya gari.

Nyumba yangu iko Turffontein, si mbali na uwanja wa mbio za farasi, na nyuma yake kuna banda la gari ambalo mtu aliyeijenga alilifanya kubwa karibu kama nyumba yenyewe. Mimi nilikuwa na banda bila gari, Fundi alikuwa na spana bila paa. Mwanamke mmoja wa kanisani kwake, anayeuza samaki wa barafu na ambaye mtaa mzima humwita Mama Samaki, ndiye aliyetukutanisha. Tulikubaliana siku ile ile, tumesimama. Aliniuliza jambo moja tu: kama nina watoto wanaopenda kugusa vitu. Nikamwambia ninaye mmoja, Neema. Akasema basi atatundika spana juu.

Mimi nilisema injini, yeye alisema moteri, kama wanavyosema kwao Lubumbashi. Neema, aliyezaliwa hapa Johannesburg, alielewa Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa huku. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Fundi hakubishana naye wala hakumhubiria. Alikuwa kiziwi tu. Neema akimletea chai na kumsemesha Kiingereza, Fundi aliendelea kufungua bolti kana kwamba amepita upepo, mpaka mtoto atafute maneno. Baada ya mwaka mmoja Neema alikuwa anaongea. Mama yangu alinipigia simu kutoka Murang'a kuniuliza ni nani anayemfundisha mjukuu wake kusema "miye" badala ya mimi na "bantu" badala ya watu.

Kwa chuma alikuwa na subira ya ajabu. Bolti iliyoshika kutu angeitia mafuta, akaenda kufanya kazi nyingine, akarudi kesho kuijaribu, akaitia tena. Kwa watu hakuwa na subira hata ya kijiko kimoja. Mteja aliyesema "haraka" aliambiwa achukue gari lake. Chai hakuweza kuisubiri ipoe. Kila siku aliunguza ulimi na kila siku alinilaumu mimi. Alidai kila kifaa kirudi mahali pake kilipochorwa ukutani kwa chaki, lakini kiatu chake cha kushoto kilifungwa kwa waya wa umeme miaka miwili. Kwenye kwaya alikuwa haendi na wimbo wala wimbo hauendi naye, na aliketi mstari wa mbele.

Kilichowaudhi zaidi wateja ni kwamba hakuwahi kumwambia mtu gari lake limepona. Alisema, "Inatembea." Ukimuuliza kama litafika Durban, alisema, "Leo inatembea." Watu walitaka ahadi, naye hakuwa nayo. Nilimwambia siku moja kwamba anapoteza kazi, kwamba gereji za jirani zinaahidi hata magari ambayo hazijayaona. Alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga. Akanisimulia, mara hiyo moja, na hakurudia tena.

Zamani, kwao, alifanya kazi kwenye karakana ya mgodi. Lori moja la kubeba mawe likafa injini, na mkubwa wa karakana akaleta nyingine iliyotoka kwenye lori kubwa zaidi. Fundi aliifunga vizuri. Iliwaka, ikavuta kuliko ile ya kwanza, na wenzake wakampigia makofi. Breki zilibaki zile zile. Siku ya nne lori lilipanda mlima na mzigo ambao injini ya zamani isingeuweza, na wakati wa kuteremka, breki hazikuuweza. Dereva hakurudi nyumbani.

"Alikuwa rafiki yangu," alisema. "Yeye njo alinifundisha kuendesha." Akafuta mikono kidole kimoja kimoja, akaomba chai.

Sikumuuliza tena kwa nini anatembea kwa miguu.

Mashine ya theluji ililetwa mwezi wa tano, baridi ikianza kuuma. Lawama ni yangu. Mimi nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo kikuu kule Braamfontein, na mwenzangu mmoja wa mezani, Msotho, alikuwa akinieleza shida ya dada yake ambaye ni nesi kwenye zahanati ya juu milimani, Lesotho. Nikajisifu kwamba nyumbani kwangu kuna mzee asiyeshindwa na injini. Jumamosi iliyofuata, pikapu nyeupe, bakkie kama wanavyosema huku, ikasimama getini na trela. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu, amejifunga blanketi begani kwa pini kubwa, amechoka kwa safari. Huyo ndiye dada mtu, Mme Palesa, yaani Mama Palesa kwa Kisotho.

Juu ya trela kulikuwa na kitu ambacho mtaa wetu haukuwahi kukiona. Mbele kina miguu miwili kama mbao za kutelezea, nyuma kina mkanda mpana wa mpira kama wa tingatinga, katikati kiti kirefu cha watu wawili. Kilikuwa cha rangi ya chungwa iliyopauka, kizee kuliko Mme Palesa mwenyewe. Wageni waliokuwa wakija kuteleza milimani walikiacha zahanati miaka mingi iliyopita, na tangu hapo kila msimu wa baridi, theluji ikifunga njia, nesi alikipanda kwenda vijijini. Msimu uliopita injini yake ilikwama ikiwa njiani. Mahali alipokuwa anakwenda kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu. Mme Palesa alitembea saa saba kwenye theluji ya magoti. Alimkuta mama yu hai. Mtoto hakumkuta hai.

Hayo aliyasema akiwa amesimama, bila kulia, kama mtu anayetoa ripoti. Gereji nne za mjini zilikuwa zimeshamkataa. Moja ilimcheka.

Fundi alizunguka mashine mara mbili, akapiga magoti, akaingiza mkono. Nilitarajia akatae, kwa sababu alikuwa amekataa magari ya maana kuliko lile dude. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Neema, theluji iko na uzito gani?" Sikujua. Akamuuliza nesi. Akamuuliza pia mlima una mwinamo gani, anabeba watu wangapi, baridi inafika wapi, na mafuta ananunua wapi. Waliongea Kiingereza, chake kikiwa kimevunjika kila mahali, lakini walielewana haraka kuliko mimi na yeye.

Siku tatu zilizofuata alifungua injini ya zamani mezani. Ilikuwa imekwisha: pistoni zimeyeyuka pembeni, na shafti imepinda. Aliyeitengeneza alishaacha kutengeneza aina hiyo zamani sana. Fundi akaandika kwa chaki ukutani injini anazoweza kuipa.

Ya kwanza ilikuwa ile ile kutoka ng'ambo, ambayo ingefika baridi imekwisha. Ya pili ilikuwa ya chombo cha kuchezea majini, ambayo mtu mmoja wa bwawa la Vaal alikuwa nayo, yenye nguvu mara mbili ya ile iliyokufa, lakini inapozwa kwa maji, na maji mlimani yanaganda. Ya tatu ya pikipiki. Hiyo inakuja na gia zake, na mashine ya theluji ina klachi yake ya mkanda inayojibadilisha yenyewe. Kuziweka pamoja, alisema, ni kama ndoa ambayo mama wakwe wote wawili wamehamia ndani. Ya nne ilikuwa ya aina ya pampu au jenereta, inayopozwa kwa upepo. Nzito, pole, haina sifa.

Mme Palesa alipopiga simu alitaka ya pili. Alikuwa ameota mwaka mzima kitu chenye nguvu, na sikumlaumu. Fundi akamuuliza swali moja, nami nikiwa nimeshika simu: ikiharibika huko juu, nani ataitengeneza? Nesi akasema, ni mimi.

"Basi tunatafuta moteri ambayo nesi anaweza kuitengeneza akiwa na glavu," Fundi aliniambia baada ya simu kukatika. "Nguvu si yangu kuchagua. Mlima ulishachagua."

Kabla ya kutafuta injini yenyewe alitengeneza ya karatasi. Alichukua maboksi ya ndizi kutoka duka la spaza la kona, akayakata kwa vipimo alivyoandika kwenye kiganja, akayabandika kwa gundi mpaka kukawa na injini nyepesi ya kahawia, yenye shafti ya ufito wa fagio langu. Kila siku aliiingiza chini ya boneti, akaitoa, akaipunguza hapa, akaiongeza pale. Wapita njia waliona mzee wa miaka karibu sabini akicheza na maboksi. Neema alimpiga picha. Mimi nilianza kuhesabu wiki.

Halafu akakosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kuaibisha.

Kwenye uwanja wa vyuma chakavu alipata injini ya pampu ya shambani iliyolingana na maboksi kama pacha. Akaifunga. Akachomelea vishikizo, akapanga klachi mbili zitazamane sawa kwa uzi na rula, kwa sababu zikipishana hata kidogo mkanda unaliwa. Akamwita Mme Palesa aje. Yule mama akaendesha tena kutoka milimani, safari ya siku nzima. Fundi aliinua sehemu ya nyuma ya mashine juu ya stuli za chuma, akavuta kamba, injini ikawaka mara ya kwanza. Sote tulicheka kwa furaha. Akaongeza mafuta kidogo, klachi ikashika, na mkanda mpana ukaanza kuzunguka.

Ukazunguka kinyumenyume.

Injini ile ilikuwa ya zile chache zinazozunguka upande mwingine. Mashine ingempeleka nesi nyuma tu, mpaka korongoni. Fundi aliizima. Alikuwa mtu wa kumfokea mteja kwa sababu ya kofia ya radieta iliyolegea, na sasa alisimama mbele ya mwanamke aliyesafiri siku nzima, mwenzangu wa maktaba, Mama Samaki, binti yangu na nusu ya mtaa. Nilidhani atalaumu muuza vyuma. Akavua kofia yake ya sufu, akaishika kifuani.

"Nimekosa," alisema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza. "Nilipima kila kintu. Sikuuliza inazungukaka upande gani."

Mme Palesa akamwambia kwamba kwenye kazi yake, anayesema hivyo mapema anaokoa watu. Akaomba chai, akalala kwangu, kesho yake akaondoka. Fundi hakwenda kanisani Jumapili ile. Nilimsikia bandani akifungua bolti moja moja.

Injini ya kweli ilitoka kanisani kwake. Miaka ya umeme wa kukatika katika, kanisa lilikuwa na jenereta kubwa yenye silinda mbili. Siku hizi umeme umetulia, na jenereta ilikuwa imelala nyuma ya jengo chini ya turubai. Wazee wa kanisa hawakutaka kuitoa. Walisema giza likirudi tutafanya nini? Mama Samaki, ambaye hakuwa mzee wa kanisa wala hakuombwa maoni, alisimama kwenye kikao akawauliza kama Mungu huwasikia vizuri zaidi kwa kipaza sauti. Jenereta ilifika kwangu jioni ile ikisukumwa na vijana wanane wa kwaya.

Kitu cha kwanza Fundi alichofanya, kabla hata ya kuifuta vumbi, ni kuvuta kamba na kutazama shafti inazunguka upande gani. Alitazama mara tatu. Akaniita nitazame na mimi. Akamwita Neema.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyingi, na sitajifanya niliielewa yote. Jenereta hukimbia mwendo mmoja tu, kuna kidude kinachoizuia isizidi wala kupungua. Akakitengeneza upya ili mkono wa dereva uamue. Shafti ilikuwa ndefu na ya umbo jingine, akaipeleka kwa mkerezaji chuma wa Booysens akatengenezewa kipande cha kuiunganisha na klachi. Springi za klachi alizibadilisha mara nne, maana injini pole inataka klachi inayoshika mapema. Kuhusu hewa alikuwa na wasiwasi zaidi. Alisema Johannesburg iko juu, lakini huko kwa nesi ni juu zaidi na hewa ni nyepesi, kabureta ikimwaga petroli ya kawaida injini itasongwa. Akatafuta kipande cha shaba chenye kijitobo chembamba zaidi cha petroli, akamtengenezea nesi vingine viwili, akavifunga kwenye kitambaa na kuandika juu yake, kidogo, kidogo sana.

Na kwa kuwa hatukuwa na baridi ya mlimani, alikwenda kuitafuta kwa Mama Samaki. Kwenye friza yake ya dukani, kati ya maboksi ya samaki, Fundi alipanga chupa tano za oili za aina tano. Asubuhi alikwenda na saa, akaziinamisha moja baada ya nyingine kuona ipi inamwagika na ipi imekuwa uji. Wateja waliokuja kununua samaki walimkuta pale akihesabu kwa Kifaransa. Kabureta nayo ililala humo siku mbili. Mama Samaki alinilalamikia kwamba samaki wake wananuka gereji, lakini alipoambiwa ipi imeshinda, alimtangazia kila aliyepita kwamba oili ile imechaguliwa dukani kwake.

Mme Palesa alirudi mara ya tatu. Nyuma ya nyumba kuna uwanja wa nyasi wa manispaa. Tuliumwagia maji kwa mipira mitatu ya bustani, kwa sababu miguu ile ya kutelezea na reli za chini zinaungua zikikosa unyevu. Nilidhani nesi ndiye atakayepanda. Fundi akamsimamisha kwa mkono.

"Siwezi kutuma kintu ku mlima kama sijakikalia," aliniambia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

Akapanda. Alikaa wima kama mtu aliyeketi ofisini kwa hakimu, miguu imebana, mikono imeshika usukani kwa nguvu. Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliokuwa wakicheka walinyamaza. Kisha akaongeza mafuta, klachi ikashika, na mashine ikaenda. Ikaenda mbele. Ilipita juu ya nyasi zilizolowa ikirusha matope, hatua kumi, ishirini, thelathini, akasimama pale pale alipochora mstari wa chaki juu ya tofali. Alipozima, Mama Samaki alikuwa amekaa chini kwenye maji bila kujua.

Nilimwendea Fundi. "Breki inashika," alisema. Hicho tu ndicho alichotaka kujua.

Walipoondoka, tukasubiri. Mwezi wa sita ukaisha. Tulisikia redioni kwamba theluji imeanguka milimani na barabara zimefungwa. Simu ya Mme Palesa haikupatikana; mnara wa kule juu ukikosa jua haufanyi kazi. Siku tisa, siku kumi. Fundi alikaza bolti zilizokwisha kukazwa. Aliungua chai asiseme neno. Siku moja nilimkuta ameshika ile injini ya maboksi, anaitazama ndani kana kwamba kuna kitu alikisahau humo.

Simu ililia adhuhuri, siku ya kumi na tatu, nikiwa nimechukua likizo kwa mafua. Mme Palesa alikuwa anaongea kwa sauti kubwa juu ya upepo. Theluji ilikuwa bado imefunga njia. Alikuwa ameitwa kijiji cha mbali, mama amejifungua na damu haisimami. Mashine ilimpeleka kwa dakika hamsini. Damu ilisimama. Mama na mtoto sasa wako zahanati, alikuja nao yeye mwenyewe, mama amefungwa kwa blanketi mgongoni pake na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa wa kike, ananyonya.

Nilikimbia bandani bila viatu nikampa Fundi simu. Alisikiliza, akaniangalia, akasikiliza. Kisha Mme Palesa akamwambia asubiri, na hapo nikasikia hata mimi, nikiwa nimesimama pembeni: aliiwasha mashine na kuweka simu karibu nayo. Fundi alifumba macho. Injini ya kanisa ilinguruma huko juu ya mawingu, sawasawa, haikohoi, silinda zote mbili. Alisikiliza kwa muda kama watu wanavyosikiliza mtu aliyetoka safari ndefu.

"Mwambie azime," alisema mwishoni. "Inakula petroli bure."

Akaketi juu ya kreti. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mzigo umetolewa na mtu mwingine kutoka nyuma. Nikamletea chai, naye akaiweka chini, akaisahau mpaka ikapoa.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mambo yalimnyokea. Mwaka uliofuata kulikuwa na siku mbaya mitaani kwetu. Watu walipita na mabango wakitaka wageni wafunge kazi zao waondoke, na wote tuliokuwepo mwaka 2008, wageni walipopigwa na kuchomewa nyumba, tulijua mambo hayo huanzaje. Jumatano moja nilirudi kutoka kazini nikakuta banda limefagiliwa. Spana hazikuwepo ukutani, michoro yake ya chaki tu. Ufunguo alikuwa ameutundika kwenye bomba la jikoni nje. Simu yake ilikuwa imezimwa. Kule alikopanga Rosettenville walisema alihama usiku uliopita. Kanisani hawakujua. Nilikwenda hospitali mbili na kituo cha polisi. Miezi minane nilimtafuta kwa macho kila nilipopita, na banda sikumpangisha mtu, ingawa waliuliza wengi.

Nilimpata Septemba iliyopita, au yeye alinipata. Nilikuwa nimesimama kituo cha basi cha Braamfontein, nasubiri mvua ipungue nivuke kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikasikia nyuma yangu, "Mama Neema."

Alikuwa amekonda, na alikuwa na miwani. Nilimshika mikono yote miwili. Alipata kazi Limpopo, shambani, kwenye pampu za maji. Simu alipoteza njiani, na namba yangu hakuwa nayo kichwani. Nilimuuliza, kwa hasira ambayo sikujua ninayo, kwa nini hakuaga.

"Bale bantu bangenikuta kwako," alisema. "Bangevunja nyumba. Ukijua nilipo, watakuuliza. Usipojua, hauna cha kusema." Kisha akaniambia kwamba aliporudi mjini alipita kwangu mara mbili, akaona gari asilolijua getini, akafikiri nimehama. Lilikuwa gari la kaka yangu. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Nairobi, akalikodi.

Mwanamke mfupi wa kitenge cha kijani alikuwa amesimama karibu naye akitusikiliza waziwazi. Katika miaka yote tisa Fundi hakuwahi kunitajia mke, nami niliamini ni mjane, sikutaka kumgusa kidonda.

"Huyu bibi yangu," alisema, akitazama chini.

"Bibi wa simu," yule mama alisahihisha. "Miaka kumi na mbili. Nikachoka kuolewa na simu. Nikauza vintu, nikapanda basi, nikamutafuta shamba kwa shamba mpaka nikamupata chini ya pampu. Aliniambia ningoje, hajamaliza. Nikamwambia, baba, nimengoja."

Nilicheka mpaka watu wakageuka. Fundi naye alicheka, bila sauti, mkono mdomoni. Mke wake alikuwa ametoa simu tayari akinidai namba. Aliiandika, akanipigia hapo hapo kuhakikisha, akataka kujua Neema amefika darasa gani na kama bado anasema vizuri, maana habari zetu zote alikuwa nazo. Basi lao likaja. Ngazi ilikuwa juu, na macho ya Fundi, mkewe alisema, yalikuwa hayajakaa sawa tangu alipofanyiwa upasuaji kule Limpopo, kwa hiyo mkewe alimshika kiwiko. Fundi alimwacha amshike. Waliketi dirishani. Mke alikuwa akiendelea kuongea, na kabla basi halijaondoka niliona kichwa cha Fundi kimeegemea kioo, amesinzia.

Lilipopotea kwenye kona ndipo nikakumbuka kwamba sikumuuliza wanaishi wapi. Nilisimama kidogo nikisubiri wasiwasi unipande kama kawaida. Haukupanda. Mvua ilikuwa imekwisha, nikavuka na watu wengine, nikapanda kilima kuelekea maktaba nikitazama njia tu, bila kumtafuta mtu kwa macho.